Fungu la Tano la Truphena

Vijana wangu wa Kandara, mmeniomba niandike jinsi usharika wetu ulivyoanza kabla sijapanda ndege ya kurudi nyumbani. Mlisema, andika tu vile unavyokumbuka, Mzee Komora. Haya, naandika, lakini mimi ni dereva, na dereva akisimulia njia huanza na pale alipopotea. Nimekaa chumbani kwangu hapa Al-Mahjar, Jeddah, sanduku liko wazi juu ya kitanda, huruji yangu, ile ruhusa ya kutoka nchini, imeshatoka, na bosi ameshapata dereva mwingine mwenye macho mazima. Kuna jambo moja linalonikera, nalitoa mapema msije mkasema niliwazungusha. Kuna mwanamke anaitwa Truphena Kemunto. Mimi ndiye niliyemzuia asifike kwenye Meza ya Bwana, na kosa lilikuwa langu, na sasa nikimtafuta simpati. Nataka mnisaidie kumpata. Mengine yote humu ni ya kuwafikisha hapo.

Watu hudhani kazi ya dereva wa nyumba ni kuendesha gari. Kuendesha ni robo tu, kazi yenyewe hasa ni kungoja. Unangoja shuleni, unangoja hospitali, unangoja nje ya harusi za watu usiowajua. Kwa hiyo jifunzeni kungoja vizuri. Ukiegesha gari, usitazame kivuli kilipo, tazama kitakapokuwa, maana madam akisema dakika tano ujue ni saa mbili. Chupa ya maji iweke chini ya kiti, isikae juu ya dashibodi ikageuka chai. Usilale na vioo vimefungwa. Na tende mbili tatu ziwepo kila siku kwenye kisanduku cha mbele, kwa sababu njaa ya kungoja ni kali kuliko njaa ya kulima, nami nimezijua zote mbili.

Nilipofika Riyadh nilikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, nimetoka kwetu Tana River na leseni ya lori. Wiki ya kwanza bosi alinifundisha adabu moja: mke wake akiingia garini nisigeuke kumtazama, wala kioo cha katikati kisielekee kiti cha nyuma. Nikaishika adabu hiyo kwa mikono miwili. Siku ya nne tulikuwa mbele ya duka moja Al-Sulimaniyah. Nikasikia mlango wa nyuma umefunguliwa, kitu kikakaa kitini, mlango ukafungwa. Nikatia gia nikaondoka. Njia nzima nilikwenda kwa heshima, kimya, shingo imenyooka, mpaka nyumbani. Nikafungua mlango wa nyuma huku nikitazama chini, nikaona mkoba. Mkoba peke yake, na ndani yake simu inalia. Madam alikuwa bado amesimama juani kule dukani, ameuweka mkoba kwanza ili arudi kuchukua mifuko mingine. Bosi alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Madam hakusema nami neno kwa mwezi mzima.

Aliyenitibu ugonjwa huo ni dereva mmoja wa Indonesia, Parlin, mtu wa Sumatra, mfupi, mwenye mabega ya mpagazi. Yeye na mimi tulikuwa tunaegesha pamoja. Aliniambia kwa Kiarabu chetu cha kuungaunga kwamba usiachie breki kabla hujauliza, "Yalla, madam?" na ukangoja mpaka ujibiwe. Usipojibiwa, huna mtu garini. Tangu siku hiyo "yalla" ikanikaa mdomoni hata pasipo gari. Nitamaliza kula nitasema yalla, nitamaliza kusali nitasema yalla. Shikeni hilo, litarudi.

Na usharika ulianzia hapo hapo kwenye maegesho. Ilikuwa alasiri, nimechoka, nimekaa miezi mitano bila kusikia Kiswahili ila kwenye simu ya dakika chache na marehemu mke wangu. Nikawa naimba kwa mdomo uliofumbwa wimbo mmoja wa zamani wa kanisa letu, ule wa sauti nne ambao kwetu Ngao huimbwa siku za sikukuu. Nilikuwa kwenye sauti ya tatu. Mara nikasikia sauti ya nne inaingia chini yangu kutoka gari la jirani, sawasawa kabisa, bila kukosea hata pale pagumu. Nikanyamaza. Ile sauti ikaendelea peke yake kidogo, kisha nayo ikanyamaza. Tukatazamana kupitia vioo viwili.

"Inta kanisa?" Parlin akauliza kwa sauti ndogo.

"Kanisa," nikamjibu. "Luther."

Akashuka garini mwake akaja kukaa kiti cha mbele cha gari langu, akalia. Mimi nami nikalia, siwafichi. Kumbe kwao kuna Walutheri wengi kuliko mchele, na tulikuwa tumeegesha pamoja karibu miezi mitano tukizungumzia matairi. Baada ya hapo kila tulipopata nafasi tulisoma zaburi, yeye kwa Kibataki na mimi kwa Kiswahili, kisha tukaimba taratibu, kiyoyozi kinavuma. Hatukuwa na jengo wala kibao, wala hatukutaka kumkwaza mtu, maana nchi ina wenyewe. Watu wawili kwenye gari la mtu mwingine, huo ndio usharika mnaoniuliza ulianzaje. Miaka miwili baadaye kafili wa Parlin, yaani mwajiri aliyemdhamini, alimaliza naye, halas, akarudi kwao, nikabaki na sauti ya tatu isiyo na ya nne. Bosi wangu akahamia Jeddah na biashara yake, nikahama naye.

Jeddah mnaijua. Chumba cha Kandara mnakijua pia, ingawa nyinyi mmekikuta kimepakwa rangi. Tulikikodi sisi wanaume wanne, madereva na walinzi, na ibada tukaiweka Ijumaa asubuhi kwa sababu saa hizo nyumba za mabosi zimelala na hakuna anayemwita dereva. Kuta zilikuwa nyembamba. Mmoja wetu akashauri tuwashe mashine ya kufulia wakati wa kuimba, ile ya zamani iliyokuwa ikitetemeka ikatembea mpaka mlangoni. Tukawa tunaimba mashine inaponguruma na tunasoma Neno inapojaza maji. Mkiona mpaka leo tunaanza wimbo kwa kuchelewa kidogo, si maringo, tulizoea kuisubiri mashine. Mzee wa Kisudani wa chumba cha pili akadhani sisi ni madobi. Ijumaa moja akatugongea na kanzu zake sita. Tungesema nini? Tukazifua. Wiki iliyofuata akaleta na za nduguye. Kwa mwaka mzima usharika wa Kandara ulikuwa ukitoa Neno la Mungu na kunyoosha kanzu, na yule mzee alitutetea kwa mwenye nyumba, akasema watu hawa ni safi sana.

Kina dada waliokuwa wakifanya kazi ndani ya nyumba za watu hawakuweza kutoka. Tulikuwa tunaweka simu juu ya meza, kila simu ni mtu. Mmoja anasikiliza akiwa anapika, mwingine akiwa anapiga pasi. Nawaambia ukweli, mimi nilizipenda zile simu kuliko watu waliokuwa chumbani, kwa sababu waliokuwa chumbani walikuja pia kwa ajili ya pilau.

Truphena alikuja kwetu kupitia simu hizo. Alikuwa Riyadh, nyumba kubwa, watoto watano, hana siku ya mapumziko. Namba yangu alipewa na binamu yake mlinzi. Kwao ni Kisii, amebatizwa mtoto mchanga katika kanisa letu, lakini darasa la kipaimara aliliacha katikati mama yake alipofariki, akabaki kulea wadogo zake. Mnajua desturi yetu: bila kipaimara huendi mezani. Basi miaka yote hiyo, kila Chakula cha Bwana kilipoandaliwa, Truphena alibaki kwenye benchi na watoto. Alitaka kitu kimoja tu, naye alinieleza siku ya kwanza bila kuzunguka. "Mwalimu, nataka nipige magoti na wengine kabla sijazeeka."

Mimi nilikuwa mzee wa kanisa tu, sikuwa mchungaji, lakini kufundisha niliruhusiwa. Nikaanza kumtumia mafundisho kwa sauti kwenye WhatsApp. Mafungu ni matano: Amri, Imani, Baba Yetu, Ubatizo, na la mwisho Meza ya Bwana. Nilirekodi garini wakati wa kungoja. Nilisema sehemu, kisha nikasema "Yalla?" nikanyamaza kidogo kama ninavyomngoja madam ajibu, kisha nikaendelea. Yeye alijirekodi juu ya dari akianika nguo, nikasikia upepo na vibanio, au jikoni, nikasikia sufuria. Mara nyingine katikati ya amri ya nane nasikia anaitwa, "Trufi! Trufi!", na rekodi inakatika. Nilijua watoto wote watano wa nyumba ile kwa vilio vyao.

Na kila mwisho wa rekodi, hata ikiwa amesoma vibaya, aliuliza jambo moja: "Mwalimu, umekula?"

Nyinyi ni vijana, mna makundi yenu ya simu, mnacheka mpaka alfajiri. Hamjui dereva wa nyumba anavyokaa. Chumba changu kilikuwa kando ya geti, mlango wake unafunguka kwenye maegesho. Chakula kiliwekwa dirishani kwenye sahani iliyofunikwa. Wema walikuwa wema, siwasemi vibaya, lakini siku nyingine ilipita toka asubuhi mpaka jioni nikiwa nimesema "naam" na "yalla" tu. Mke wangu alikuwa ameshafariki, wanangu wakipiga simu wana haja. Hakuna mtu chini ya jua aliyejali kama nimekula ila msichana wa Kisii niliyekuwa sijamwona hata uso. Nilikuwa naegesha gari mapema makusudi ili nisikilize rekodi zake mara mbili. Nilimpenda kama binti yangu, na kama walimu wengi wa kizamani, nilimwonyesha kwa kumkaripia.

Maana mimi nilifundishwa hivyo. Mwalimu wangu kule Ngao alinirudisha darasa mwaka mzima kwa sababu nilisahau mstari mmoja wa fungu la tatu, na siku nilipopita nilijiona nimevuka mto wenye mamba. Niliamini kukariri bila kukosea ndiyo heshima yenyewe. Truphena akikosa neno, nilimwambia arudie kuanzia mwanzo. Alirudia. Hakubishana hata mara moja. Miaka miwili alirudia.

Ndipo ikatokea nafasi. Mchungaji mmoja mstaafu wa kanisa letu alikuja Jeddah kumtembelea binti yake muuguzi. Kwa mara ya kwanza tungekuwa na mchungaji chumbani Kandara, tungekula Meza ya Bwana, na waliokuwa tayari wangepata kipaimara. Na wiki hiyo hiyo, ni Mungu tu, familia ya Truphena ilikuja Jeddah likizo, kukaa karibu na bahari. Akamwomba madam wake saa mbili za Ijumaa asubuhi. Madam akakubali, akasema dereva ampeleke na amrudishe. Truphena aliponipigia kunieleza, alishindwa kumaliza sentensi kwa furaha.

Mchungaji aliniachia kazi ya kupima. Wewe ndiye unayewajua, Komora, utakaowapitisha nitawawekea mikono. Siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, nikampigia Truphena, nikamwambia asome yote matano. La kwanza safi. La pili safi. La tatu na la nne nikafumba macho kwa raha. La tano akaanza vizuri, akafika katikati, akanyamaza. Nikangoja. Nikasema "Yalla?" Kimya. Nikamwuliza, ni nani anayestahili kuijia meza? Hakujua. Nikamwuliza tena kwa njia nyingine. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Hapo sijui, Mwalimu."

Ningeweza kumwambia hapo hapo kwenye simu, ingechukua pumzi mbili. Badala yake nikakasirika, nikaona ameniaibisha mbele ya mchungaji. Nikamwambia fungu la meza ndilo la meza, usipolijua hilo utakuja mezani kufanya nini? Bado, nikasema. Hujamaliza. Mwakani Mungu akipenda.

"Sawa, Mwalimu," akasema. Kisha, kama kawaida yake, "Umekula?"

Nikakata simu bila kujibu.

Ijumaa alikuja hata hivyo. Dereva wao alimleta mpaka chini, akapanda ngazi. Ndiyo siku ya kwanza na ya mwisho niliyomwona. Nilimwazia mkubwa, kumbe mwembamba, ana baibui ya kuazima iliyomzidi. Alinisalimia kwa mikono miwili, hakuonyesha kinyongo hata chembe. Kiti kilikuwepo mbele, yeye akakaa kile cha karibu na mlango. Divai yetu ilikuwa maji ya zabibu kavu tulizochemsha wenyewe, mkate ni tamis ya Waafghani wa mtaani, na mchungaji alinung'unika kidogo kisha akaubariki. Tulikuwa watu kumi na tisa chumbani. Kumi na wanane tukapiga magoti. Mashine ikanguruma, tukaimba. Nilipoinuka nikamwona ameitia mikono yake ndani ya mkoba kama mtu anayetafuta funguo. Hakuwa anatafuta kitu. Saa yake ilipofika dereva wao akapiga honi chini, akaondoka kabla ya baraka.

Aliniandikia jioni ile, asante Mwalimu, nitajitahidi. Nikamrudishia kidole gumba, kile cha kwenye simu. Baada ya hapo rekodi zikapungua, zikawa za sikukuu tu, mwisho namba ikazimika. Nikajisemea, wasichana wa siku hizi hawataki kukosolewa. Nilijisemea hivyo miaka sita.

Sasa njooni kwa Naomi, ambaye nyote mnamjua, binti wa Taita aliyehamia huku kutoka Riyadh baada ya kubadilisha kafili. Alipojiunga nasi mwanzoni mwa mwaka huu, nilimwomba asome mafundisho mbele ya wale wanaojiandaa, maana alisema ana kipaimara. Mlikuwepo. Mnakumbuka mlivyocheka, kwa sababu kila alipomaliza sehemu alisema "Yalla?" akanyamaza, kisha akaendelea. Mlidhani ananifanyia mzaha mzee wenu. Mimi pia nilidhani hivyo, nikaanza kukunja uso. Kisha akafika katikati ya fungu la tano, akasema kwa sauti ile ile ya kusoma, macho mbele, "Ngoja, madam huyo anakuja." Akafunga mikono, akakaa.

Nyinyi mlicheka zaidi. Mimi nikaacha kukunja uso. Ibada ilipokwisha nilimwita kando ya mashine, nikamwuliza kwa nini amekomea pale.

"Si hapo ndipo inaishia, Mzee?" akasema. "Sisi wote Riyadh tulifundishwa hivyo. Dada Truphena alikuwa anatuwekea zile voice note za mwalimu wake, tunashika neno kwa neno. Hata hiyo ya madam tulijua si ya kanisa, lakini tulikuwa tunaisema tu. Ilikuwa inatufurahisha."

Nikamwuliza walikuwa wangapi. Kumi na mmoja, akasema, wote wafanyakazi wa ndani, wengine kwa simu, wengine wakipata ruhusa walikutana kwenye chumba cha mshonaji mmoja Al-Sulimaniyah. Truphena ndiye aliyewakusanya mmoja mmoja. Mchungaji wa Kihabeshi aliyekuwa akifanya kazi ya ufundi umeme kule aliwapa kipaimara na kuwaandalia Meza. Nikamwuliza, na Truphena mwenyewe?

Naomi akanitazama, akaona sina mzaha. "Yeye hakuwahi. Mchungaji alimbembeleza. Tulikuwa tunapiga magoti, yeye anakaa kwa mlango anaangalia kama kuna mtu anapanda ngazi. Akasema mwalimu wake alimwambia hajamaliza, na hawezi kumruka mwalimu."

Nilirudi Al-Mahjar nikaitafuta simu yangu ya zamani chini ya nguo za baridi. Kioo kimepasuka, lakini ilikubali chaji. Nikapanda juu, juu, mpaka miaka ile. Rekodi ya fungu la tano ipo. Nikasikiliza sauti yangu ya siku zile inasoma kwa madaha, nikafika ninapouliza ni nani anayestahili kuijia meza, na kabla sijajibu nikasema, "Ngoja, madam huyo anakuja," mlango wa gari ukagongwa, basi. Nikashuka chini kutafuta nusu ya pili. Haipo. Sikuituma kamwe. Nilimpeleka madam nyumbani, nikala, nikasahau. Ujumbe wangu unaofuata ni wa wiki moja baadaye, namwuliza kama ameshika fungu la tano. Na yeye amejibu: "Ndiyo Mwalimu, nimeshika yote uliyotuma."

Yote uliyotuma, vijana wangu. Hakuniambia nilikosa. Hata Alhamisi ile, ninamkaripia kwa kutojua kitu ambacho sikumpa, hakusema. Angesema neno moja tu ningejua. Lakini kwao na kwetu mtu hamwambii mwalimu wake, wewe ndiye hukumaliza. Nilikaa kitandani na ile simu mpaka chaji ikaisha tena, na sijawahi kujisikia mpweke katika nchi hii kama adhuhuri ile, hata miezi ile mitano ya kwanza. Nilimwacha mtu juani, nikaendesha mpaka nyumbani na mkoba wake.

Na mjue nusu iliyokosekana inasema nini. Inasema kwamba anayestahili si aliyefunga sana wala aliyejiandaa vizuri, ingawa hayo ni mazuri. Anayestahili ni yule anayeamini kwamba mkate ule umetolewa kwa ajili yake. Ndilo jibu nililomnyima, nikamfungia mlango kwa kutolijua. Na yeye kwa nusu tu ya fungu aliwafikisha wenzake kumi na mmoja mezani. Mkitaka kuandika historia, andikeni kwamba kuna usharika Riyadh ulioanzishwa na mfanyakazi wa ndani aliyekaa mlangoni. Wa kwetu huu wa Kandara ulianzishwa na madobi.

Nimempigia yule mchungaji mstaafu, bado yu hai, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kipaimara atakipata popote atakapokuwa, kwa mchungaji yeyote, lakini mtihani ulikuwa wako, Komora, na jibu la mtihani ni lako kulitoa. Basi nalitoa. Juzi nilishuka mpaka kwenye gari la bosi, kabla sijakabidhi funguo, nikakaa kiti changu, nikafunga vioo, nikarekodi nusu ya pili mpaka mwisho. Hakuna madam aliyekuja. Nikasema "Yalla?" nikangoja. Nikaituma kwenye namba ile ya zamani. Tiki moja. Mpaka leo ni tiki moja.

Naomi anasema wako wanaosema yuko Abha kwa kafili mpya, na wako wanaosema alirudi Kisii. Mimi Jumanne naondoka. Nyumbani nitamtafuta, lakini Kisii na Tana ni mbali, na macho yangu mnayajua. Nyinyi mnazunguka, mnahama, mnakutana na watu kwenye maegesho na hospitali na viwanja vya ndege. Rekodi nimempa Naomi, itieni kwenye simu zenu zote. Mkiingia mahali watu wetu wanaposali, kabla hamjatazama mbele, tazameni kwanza kiti cha karibu na mlango. Akiwa yeye, mwekeeni rekodi aisikilize mpaka mwisho. Mwambieni mwalimu wake ndiye aliyekosea, na yeye amefaulu tangu siku ile. Halafu, kwa niaba yangu, muulizeni kama amekula.